Kuuza kwa mawinga wa mtandaoni: hesabu, misimbo na malipo

Winga wa Kariakoo anasimama nje ya duka lisilo lake, anamdaka mteja, anamwingiza ndani, na chake anakipata mauzo yakifanyika. Winga wa mtandaoni anafanya kazi ile ile bila kusimama popote. Ana status ya WhatsApp inayoangaliwa na majirani zake, ana kundi la wazazi wa shule, au ana ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu tatu wanaomsikiliza. Wewe unamlipa pale tu mteja aliyemleta anapolipa. Amazon ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, na Jumia ina mawakala wake wa kamisheni wanaoitwa JForce. Mwongozo huu hauhusu makampuni ya ukubwa huo. Unamhusu mtu anayeuza kwa Instagram, WhatsApp au tovuti ndogo, anayelipwa kwa simu, na mizigo yake inakwenda kwa bodaboda mjini na kwa basi mikoani.

Wengi wanaanzia mwisho: wanatangaza "tunatafuta mawakala, kamisheni nono", wanapata watu arobaini kwa siku mbili, halafu wiki ya tatu hakuna anayejua nani kamleta nani na nani anadai nini. Mpangilio unaofaa ni huu: hesabu, kisha njia ya kutambua mauzo ya kila winga, kisha masharti, na mawinga wenyewe mwishoni.

Hesabu kabla ya kutaja kamisheni

Chukua bidhaa moja moja, usichukue duka zima kwa asilimia ile ile. Tuseme seti ya mashuka unaiuza 45,000 kwa shilingi za Tanzania, na nauli analipa mteja. Umeinunua 26,000. Mfuko, lebo na kadi ya shukrani ni 1,500. Makato ya miamala ni 400. Halafu kuna mizigo inayorudi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukituma vifurushi 20 kwa utaratibu wa kulipa mzigo ukifika, viwili vikakataliwa, na kila kimoja kimekula nauli ya 5,000 kwenda na kurudi, hiyo 10,000 inabebwa na vile 18 vilivyolipwa. Ni kama 560 kila kimoja, weka 600.

Kwa hiyo 45,000 toa 26,000, toa 1,500, toa 400, toa 600. Inabaki 16,500. Hiyo ndiyo pesa unayoweza kugawa, maana 19,000 ya "nimenunua hivi nikauza vile" haipo mkononi.

Sasa mteja anayekuja kwa winga apewe punguzo la 2,000 (sababu yake inakuja), na winga apate 4,500. Wewe unabaki na 10,000. Jumla ya gharama ya kumpata mteja huyo ni 6,500. Ilinganishe na matangazo ya kulipia: kama 100,000 uliyoweka Instagram ilikuletea oda 12, kila oda ilikugharimu kama 8,300, na pesa hiyo ulitoa kabla ya kuuza chochote. Hapo winga ana nafuu. Kama matangazo yanakuletea oda kwa 3,000, endelea na matangazo.

Kanuni inayosaidia: kamisheni na punguzo vikijumlishwa visizidi asilimia 40 ya kile kinachobaki baada ya gharama zote. Bidhaa inayobakiza 4,000 tu, kwa mfano kava za simu, haifai kupewa winga ikiwa peke yake. Mgao wake utakuwa mdogo kiasi kwamba hatahangaika. Ifunge pamoja na nyingine: kava, kioo cha kulinda skrini na chaja kwa bei moja, kisha kamisheni iwe ya kifurushi kizima.

Taja kamisheni kwa shilingi, acha asilimia. "Kila seti 4,500" winga anaihesabu kichwani akiwa kwenye daladala. "Asilimia 10" inazaa ubishi: ya bei kabla ya punguzo au baada? Nauli imo? Asilimia inafaa kwenye tovuti yenye bidhaa mia mbili ambako mfumo unajihesabia wenyewe. Bidhaa za kidijitali nazo zina hesabu yao. Kitabu cha PDF au kozi haina mzigo wa kununua wala nauli, ndiyo maana utaona wauzaji wake wanatoa asilimia 30 hadi 50. Jukwaa kama Selar la Nigeria linamruhusu muuzaji kuweka mgao wa mawakala, nalo likafanya ufuatiliaji. Ukiuza kozi, huna haja ya kujijengea mfumo.

Msimbo unashinda linki

Miongozo mingi ya nje inasema mpe kila wakala linki yake. Linki ina alama ya winga. Mteja akiibofya, kivinjari chake kinahifadhi kumbukumbu ndogo inayoitwa kuki, na akinunua ndani ya muda uliowekwa winga anahesabiwa. Muda huo maduka mengi huweka siku 30, Amazon hutoa saa 24.

Tatizo ni jinsi wateja wetu wanavyonunua. Mteja anaona mashuka kwenye status ya shoga yake, anapiga picha ya skrini, jioni anamwonyesha mumewe, kesho yake anakutumia picha hiyo kwa WhatsApp akiuliza "hii bado ipo?" Au anasoma namba kwenye picha na kupiga. Hakuna linki iliyobofywa, na winga aliyefanya kazi yote hapati kitu. Ikimtokea mara mbili anaacha kukutangaza, na hatakwambia kwa nini.

Kwa hiyo mpe kila winga msimbo wake, neno fupi ambalo mteja analiandika au kulitamka wakati wa kuagiza. Msimbo mzuri una herufi nne hadi sita na tarakimu moja, kwa mfano TANGA4. Unatamkika kwenye simu. Epuka herufi O karibu na sifuri, na I karibu na moja. Usiwape mawinga wawili misimbo inayofanana. TANGA4 na TANGA5 zitakuchanganya mwenyewe.

Punguzo la 2,000 linaingia hapa. Mteja hana sababu ya kukumbuka msimbo wa mtu mwingine kama haumfaidishi. Ukimwambia "taja TANGA4 upate 43,000 badala ya 45,000", ataukumbuka hata baada ya wiki. Usiliondoe ili kubana matumizi. Likiondoka, misimbo inaacha kutajwa, na ufuatiliaji wako unakufa nalo.

Linki itumike kama msaada wa msimbo. WhatsApp ina linki fupi inayofungua mazungumzo yenye ujumbe ulioandikwa tayari:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20naomba%20mashuka%20TANGA4

Namba inaanza na 255, au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Nafasi kati ya maneno inaandikwa %20. Mteja akigusa linki, ujumbe wenye msimbo uko tayari, kilichobaki ni kutuma. Ijaribu kila linki kwa simu nyingine kabla ya kuitoa. Tarakimu moja ikikosewa, wateja wote wanakwenda kwa mtu asiyekujua.

Mwenye tovuti ya WooCommerce anaweza kutengeneza kuponi bila kununua chochote zaidi, na programu-jalizi ya AffiliateWP inaunganisha kuponi na winga ili hesabu ijifanye. Shopify ina nyongeza kama GoAffPro na UpPromote. Ila usikimbilie huko ukiwa na mawinga sita na oda 30 kwa mwezi, jedwali linatosha.

Jedwali lenyewe

Fungua Google Sheets, safu za juu ziwe: A tarehe, B namba ya oda, C simu ya mteja, D bidhaa, E msimbo, F kiasi kilicholipwa, G hali, H tarehe ya kupokelewa, I kamisheni, J namba ya muamala uliomlipa winga.

Safu ya G iwe na maneno matano tu, uyaweke kama orodha ya kuchagua ili yasiandikwe kwa namna tofauti: imeagizwa, imetumwa, imepokelewa, imerudi, winga kalipwa. Deni la winga unalipata hivi:

=SUMIFS(I:I,E:E,"TANGA4",G:G,"imepokelewa")

Ukishamlipa, badilisha hali iwe "winga kalipwa" na uandike namba ya muamala kwenye J. Deni litajifuta lenyewe.

Simu zote ziandikwe kwa kuanza na 255. Kwanza, ukiandika 07 jedwali linakula sifuri ya mbele. Pili, mteja huyo huyo akiandikwa kwa namna mbili atahesabiwa kama watu wawili, na utahitaji kujua nani ni mteja wa zamani. Fomula =COUNTIF(C:C,C25) ikileta zaidi ya 1, mteja wa mstari wa 25 alishawahi kununua.

Jedwali hili ni lako peke yako. Winga akitaka uthibitisho, mpe namba ya oda, tarehe na tarakimu nne za mwisho za simu, basi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, kumpa mtu wa nje orodha ya wateja wako ni kumpa duka.

Masharti ya ukurasa mmoja

Yaandike, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na winga ajibu "nimekubali". Usihamishe mkataba wa kurasa nane kutoka mtandaoni. Hatausoma na wewe hujausoma. Yanayopaswa kuwemo ni machache, lakini kila moja lina kisa nyuma yake.

Mauzo ni nini. Mauzo ni oda iliyolipwa yote na mzigo ukapokelewa, na siku za kurudisha zikapita. Kwa mjini siku tatu zinatosha. Mzigo wa mkoani kwa basi weka siku saba. Oda iliyorudi haina kamisheni.

Pesa inapita wapi. Mteja analipa kwenye Lipa Namba ya duka, au Till kwa Kenya, inayoonyesha jina la biashara. Winga hapokei pesa ya mteja hata mara moja, hata akiwa mtu wa kuaminika kiasi gani. Siku mzigo ukichelewa huku pesa ikiwa kwa winga, mteja atakuita wewe tapeli.

Bei. Cha juu hakuna. Kariakoo winga anaweza kuongeza 5,000 juu ya bei ya duka na mteja asijue. Mtandaoni mteja anafungua ukurasa wako na kuona bei halisi, kisha anahisi ameibiwa na wote wawili. Vilevile winga asishushe bei kwa kutoa sehemu ya kamisheni yake hadharani, maana wenzake wataacha kazi.

Misimbo miwili. Mteja akitaja miwili, unahesabiwa ule alioutaja kwanza kwenye mazungumzo ya oda hiyo. Sheria yoyote inafaa alimradi iwe moja na ijulikane kabla ya ugomvi.

Kujinunulia. Kuna wanaoruhusu winga atumie msimbo wake mwenyewe, kuna wanaokataa. Maoni yetu: ruhusu mara moja, aujue mzigo, baada ya hapo hapana. Vinginevyo utakuwa na kundi la wateja wanaojipa punguzo la 6,500.

Maneno yaliyokatazwa. Hili ni zito zaidi kwa vipodozi, virutubisho na vyakula. Tangu 2019 vyakula na vipodozi Tanzania viko chini ya shirika la viwango, TBS, dawa na vifaa tiba chini ya mamlaka yake, TMDA. Winga akiandika kwamba mafuta yako yanatibu pumu, atakayeulizwa ni mwenye bidhaa. Mpe orodha ya anachoruhusiwa kusema na asichoruhusiwa, kwa maneno kamili.

Uwazi. Winga aseme kwamba anapata kamisheni. Sentensi moja inatosha: "Ukitumia msimbo wangu unapunguziwa, na mimi napata kidogo." Wanaoficha wakigundulika wanapoteza imani ya watu wao, na ile imani ndiyo ulikuwa unailipia.

Mwisho, kutuma matangazo hovyo. Winga anayemwaga tangazo kwenye makundi ishirini ya WhatsApp anafanya namba yako iripotiwe. WhatsApp ikiifunga namba ya biashara, unapoteza mazungumzo yote ya wateja kwa siku ambazo huwezi kuzikadiria.

Nani awe winga

Watu watano hadi kumi kwa kuanzia, si zaidi. Anza na waliokwisha kununua mara mbili au zaidi. Wanaijua bidhaa, picha zao ni za nyumbani kwao, na wanajibu maswali ya wenzao bila kukuuliza. Wa pili ni watu ambao kazi zao zinawakutanisha na mnunuzi wako: msusi kwa mafuta ya nywele, fundi cherehani kwa vitambaa, fundi simu kwa vifaa vya simu, mwalimu wa chekechea kwa vitabu vya watoto. Wenye kurasa kubwa waje wa tatu.

Kwa mwenye ukurasa, idadi ya wafuasi haikwambii kitu. Fungua posti zake kumi za mwisho usome maoni. Watu wanauliza "bei gani", "mpo wapi", "mnatuma Mwanza?" au wanaweka vimoto na makopakopa tu? Omba picha ya skrini ya waliotazama status au stori zake za siku tatu. Mwenye wafuasi 60,000 na watazamaji 300 wa stori anazidiwa na mama mwenye watu 250 kwenye simu yake, wote wakimjua kwa jina. Angalia pia anatangaza maduka mangapi. Anayetangaza wigi asubuhi, viwanja mchana na dawa za nguvu za kiume usiku, watu wake wameshazoea kumpita.

Ujumbe wa kumwalika uwe mfupi na uwe na pesa ndani yake:

"Habari za leo dada. Asante kwa kununua mashuka kwetu mara ya pili sasa. Tunatafuta wateja wetu wachache watakaotuunganisha na wenzao. Kila seti itakayouzwa kwa msimbo wako utapata 4,500, na mteja wako atapunguziwa 2,000. Malipo kila Ijumaa kwa simu. Huchangii chochote kuanza. Ukipenda nikutumie masharti, ni ukurasa mmoja."

Ile sentensi ya "huchangii chochote" usiiache. Watu wameumizwa na biashara za piramidi zinazoanza na kiingilio, na mwaliko wowote wa "upate kamisheni" unasikika hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo usimlipe winga kwa kuleta mawinga wengine. Lipa kwa bidhaa iliyouzwa tu.

Mpe vya kufanyia kazi

Winga hana muda wa kutengeneza tangazo lako. Mwandalie kwa kila bidhaa picha nne au tano zisizo na maandishi, maana zenye namba yako kubwa katikati watu hawazipendi kwenye status zao. Ongeza video moja ya wima ya sekunde 20 hadi 30, maelezo mafupi yenye bei, vipimo, rangi zilizopo, nauli na siku za kufika. Punguza ukubwa wa mafaili kabla ya kutuma. Folda ya mega 800 kwenye Google Drive haitafunguliwa na mtu anayenunua bando la siku.

Halafu mpe majibu ya maswali matano yanayoulizwa kila mara. Kwa mashuka ni haya: yanachuja rangi? Ni pamba tupu au mchanganyiko? Foronya ngapi? Yanaenea kitanda cha sita kwa sita? Nikiyakuta na kasoro? Kama uwezo upo, mpe sampuli kwa bei ya kununulia. Anayeyalalia mwenyewe anajibu swali la kuchuja rangi bila kusita, na mteja anasikia tofauti.

Fungua orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) kwa ajili ya mawinga, siyo kundi. Kwenye kundi wataanza kulinganisha mapato, na mmoja asiyeuza atawavunja moyo wote. Kila asubuhi tuma kilichopo na kilichoisha. Mzigo ukiisha saa nne, waambie saa nne. Hakuna kinachomuudhi winga kama kumleta mteja aliyemshawishi siku tatu, akaambiwa "imeisha jana". Kumbuka pia kwamba ujumbe wa orodha hiyo unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mwombe kila winga aihifadhi siku ya kwanza.

Malipo

Chagua siku moja na usiihamishe. Ijumaa ni nzuri. Lipa hata kama deni ni 4,500 moja; malipo ya kwanza yanayofika siku iliyosemwa yana nguvu kuliko ahadi ya bonasi. Kiwango cha chini cha kutoa, kwa mfano "mpaka ufikishe 50,000", kinatoka kwenye mipango ya nje ambako kutuma pesa nchi za mbali ni ghali. Kwa M-Pesa au Airtel Money hakina maana, kinamfanya winga ahisi pesa yake imeshikwa.

Makato ya kutuma yawe juu yako, na uyaweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Kabla ya kutuma, linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina alilokupa. Baada ya kutuma, andika: "Oda 3 zimekamilika: 114, 119, 123. Jumla 13,500, imetumwa. Oda 126 imerudi, mteja hakupatikana. Oda 131 bado iko njiani." Ujumbe huo wa mistari minne unazuia karibu ugomvi wote.

Kodi isikushtue baadaye. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya wakazi wanaoingiza pesa kwa maudhui ya kidijitali, na imetaja kamisheni za namna hii kwa jina. Anayelipa ndiye anayekata na kuwasilisha kwa mamlaka ya mapato, KRA. Tanzania nayo ina kodi za zuio kwenye malipo ya kamisheni. Peleka jedwali lako kwa mhasibu kabla mawinga hawajawa wengi, ukiwa bado unaweza kurekebisha viwango.

Panapovuja

Inboksi yako ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Kama una kijana anayejibu wateja, ni rahisi kwake kuandika msimbo wa rafiki yake kwenye oda isiyo na msimbo wowote. Dalili yake: sehemu ya oda zenye msimbo inapanda huku jumla ya oda ikibaki pale pale, na msimbo mmoja unapata mauzo hata wiki ambayo mwenye msimbo hakuposti kitu. Dawa ni sharti kwamba msimbo uandikwe na mteja mwenyewe kwenye mazungumzo kabla ya kulipa. Kila wiki fungua mazungumzo matano bila kupanga, uyalinganishe na jedwali.

Msimbo kuvuja. Mteja wako wa miaka miwili anasikia kuna TANGA4, anautumia, na wewe unalipa 6,500 kwa mtu ambaye angenunua tu. Hapo fomula ya COUNTIF inafanya kazi. Zaidi ya nusu ya oda za msimbo zikiwa za wateja wa zamani, punguza kamisheni ya oda hizo, kwa mfano 1,500 badala ya 4,500, na uwatangazie mawinga wote kabla ya kuanza, siyo siku ya kulipa.

Oda hewa. Zinakuja kwenye kulipa mzigo ukifika, hasa kama unatoa bonasi kwa idadi ya oda. Winga au ndugu yake anaagiza vifurushi vitano ili afikishe lengo, kisha simu hazipatikani. Hesabu bonasi kwa zilizopokelewa tu, na mizigo ya mkoani mteja atangulize angalau nauli. Winga ambaye oda zake zinarudi moja kati ya nne, hata kama si mwizi, anawaahidi watu vitu ambavyo havimo kwenye kifurushi. Soma anachoandika.

Winga kugeuka muuzaji. Akishaona mashuka yanatoka, atatafuta alikoyapata bosi wake. Huwezi kumzuia, na baadhi ya mawinga bora wanaishia kuwa na maduka. Unachoweza ni kuondoa lebo za msambazaji kwenye kifurushi, kupiga picha zako mwenyewe badala ya zile za mwenye kiwanda zinazotafutika kwa Google, na kuwa na jina lako kwenye mfuko.

Winga mmoja kubeba duka. Mmoja akileta zaidi ya nusu ya mauzo yako, ndiye anayepanga bei. Tumia faida ya miezi hiyo kuongeza wengine, na mbembeleze vizuri.

Baada ya siku 30

Angalia vitu vitatu kwa kila msimbo: wateja wapya wangapi, oda ngapi zilirudi, na wangapi walinunua tena bila msimbo. La tatu linapuuzwa, nalo ndilo linaloonyesha winga anakuletea watu wa aina gani. Mwenye oda nane ambazo watatu wamerudi wenyewe anakufaa kuliko mwenye oda ishirini za wawinda punguzo.

Usishangae nusu ya mawinga wakiwa hawajauza kitu. Waulize mara moja kama kuna kinachowakwamisha. Mara nyingi ni picha au swali wasilolijua jibu. Wanaouza wapandishe: kuanzia oda ya 11 ndani ya mwezi, 5,500 badala ya 4,500. Kwa hesabu yetu bado unabaki na 9,000 kwa seti, ingawa kwa oda hizo mgao unavuka kidogo ile asilimia 40. Ngazi mbili zinatosha, tatu zinahitaji kikokotoo.

Unapoachana na winga, lipa kwanza kila oda iliyokamilika, hata kama mmekosana. Zile zilizo njiani ziandikie tarehe ya kulipwa. Kisha funga msimbo, lakini kwa siku 14 mteja atakayeutaja aendelee kupewa punguzo lake, maana yeye hajui mliyokosana. Usiupe mtu mwingine msimbo huo kabla ya miezi mitatu. Picha za zamani zenye msimbo huo zitakuwa bado zinazunguka kwenye simu za watu.